Je, Ni Kosa Kutembea Bure?



Katika nyumba ya mapadri wa parokia yetu kuna kitabu kikubwa cha picha, kilichoachwa na mgeni mmoja kutoka Ulaya. Picha zake ni za nchi ya maziwa na vilima iliyo kaskazini-magharibi ya Uingereza. Siku moja nilikiazima, nikaenda nacho nyumbani niwaonyeshe watoto. Mke wangu alikuwa anachambua ndagala. Akanawa mikono, naye akaja kutazama. Akakomea kwenye picha moja: mume na mke, watu wa makamo, wanapanda njia ya mawe, na nyuma yao ziwa. Kila mmoja ana fimbo mkononi na mfuko mgongoni. Akaniuliza, "Baba watoto, hawa wanakimbia nini?"

Nikamjibu kwamba hawakimbii kitu. Wamepata siku za mapumziko, wanatembea kuiona nchi. Wakichoka watalala katika nyumba ya wageni, na kesho watashika njia ya kilima kingine. "Wanakwenda kwa nani?" Hawaendi kwa mtu. "Wanauza nini?" Hawauzi. Akanyamaza kidogo, akaitazama tena ile picha, akasema, "Basi mbona mwanamume naye amebeba mfuko?"

Nilicheka. Lakini usiku ule sikupata usingizi upesi. Swali la kwanza lilikuwa habari yetu sisi watu wa Fizi. Lile la mwisho lilinihusu mimi.

Kwetu Mboko mtu hatembei bure. Aendaye kusini anakwenda soko la Baraka. Aendaye kaskazini ana shauri lake Uvira. Apandaye mlima anakwenda kwenye mihogo yake, au anatafuta kuni, au kuna kilio. Ukiwaona mume na mke wako njiani pamoja wamebeba mizigo, moyo unashtuka, maana hayo tumekwisha kuyaona mara nyingi. Mwaka 1996 vita vilipofika kwenye ufuko huu nilikuwa mtoto wa miaka saba. Tuliondoka usiku, kila mtu na mzigo wa kadiri yake. Mimi nilipewa sufuria. Mtumbwi ukatuvusha mpaka Kigoma, na toka huko tukapelekwa katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka ule ule. Waliobaki nyuma waliona makubwa zaidi: huko Makobola, kaskazini yetu, watu kwa mamia waliuawa katika siku za mwisho za 1998 na za kwanza za 1999. Tena, tangu mwaka 2015 jirani zetu wa Lusenda wamekuwa na kambi ya Warundi, nao walikuja kwa miguu na mafurushi kama sisi tulivyokwenda kwao Watanzania. Basi masikioni mwetu neno "kutembea" lina uzito wake.

Sasa lije swali lenyewe. Je, ni halali kwa Mkristu kutumia siku nzima na nguvu zake kupanda kilima na kuzunguka kando ya ziwa, pasipo faida yoyote ila furaha ya macho? Nililipeleka swali hili kwa mzee mmoja wa parokia, mtu wa sala, mvuvi tangu ujana wake. Hakukawia kujibu. "Mwalimu, kiatu kinachokwisha bure kimekula fedha ya shule ya mtoto." Akaongeza kwamba uvivu una nguo nyingi, na hii ni mojawapo.

Sikumdharau mzee. Katika nyumba ambamo watoto hula mara moja kwa siku, baba anayeacha kazi aende kuangalia vilima anawaibia watoto wake. Hapo hatubishani. Lakini mzee alisema kana kwamba kila saa isiyo na faida ya kuhesabika ni saa iliyoibiwa, na hapo Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, hayuko pamoja naye. Yeye afundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko la roho ni furaha. Naye ataja hadithi ya kale juu ya Mtume Yohane. Watu walimkuta anacheza pamoja na wanafunzi wake, wakakwazika. Yohane akamwomba mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale. Akapiga, akapiga tena na tena. Akamwuliza, Je, waweza kuendelea hivyo pasipo kuacha? Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo na roho ya mtu, akasema Yohane, isipolegezwa kamwe. Kwa Mtakatifu Toma, kucheza na kupumzika kwa kiasi ni fadhila yenye jina lake. Na mtu asiyejua kufurahi hata kidogo, anayewalemea wenzake kwa uso wake wa huzuni, huyo naye amekosa. (Wako wakatekista wanaopaswa kulisoma fungu hilo, na mimi ni mmoja wao.)

Mtakatifu Augustino ana wasiwasi mwingine. Alisikitika kuona watu wanakwenda kustaajabia urefu wa milima na ukubwa wa bahari, huku wakijisahau wenyewe. Mwaka 1336 mtunga mashairi wa Italia, Petrarca, alipanda mlima Ventoux huko Ufaransa pamoja na ndugu yake, kwa hamu tu ya kuona kilele chake. Mwenyewe aliandika kwamba alipofika juu alikifungua kitabu cha Augustino alichokuwa nacho, akakuta maneno yale yale, akaona haya, akashuka kimya. Onyo hilo ni la kweli. Lakini naona Augustino hakuulaumu mlima. Alimlaumu mtu anayekwenda kuona vyote isipokuwa nafsi yake. Nitarudi hapo, maana huko mlimani mimi ndiko nilikojiona.

Labda utasema: Mwalimu, hayo ni mambo ya Wazungu wenye mali. Hata mimi niliwaza hivyo, mpaka nilipopata habari zake. Kwa muda mrefu sehemu nyingi za vilima vya Uingereza zilikuwa zimefungwa na wenye ardhi, waliotunza ndege wa kuwinda, na mtu wa kawaida alifukuzwa. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa mji wa Manchester, walipanda kwa makusudi kilima cha Kinder Scout, pasipo ruhusa. Watano kati yao walitiwa gerezani. Mwaka 1949 ikatungwa sheria ya kutenga nchi za namna hiyo kwa ajili ya watu wote, na mwaka 1951 ile nchi ya maziwa iliyo katika kitabu chetu ikawekwa chini ya sheria hiyo. Kumbe yule bwana na yule bibi wa kwenye picha wanakanyaga njia ambazo wenzao walizidai. Kwetu milima haikufungwa na wenye ndege wa kuwinda. Imefungwa na bunduki.

Mke wangu hakuhitaji habari hizo zote. Aliposikia kwamba Windermere, ziwa kubwa la nchi ile, lina urefu wa kilometa 17 hivi, na letu zaidi ya 670, tena kwamba kilele chao kikubwa, Scafell Pike, kina mita 978 juu ya bahari, hali maji yetu ya Tanganyika peke yake yako karibu mita 770, aliwahurumia. Akasema, "Na sisi tunalo ziwa."

Basi tulipotimiza miaka kumi ya ndoa tuliwaacha watoto kwa shangazi yao, tukatoka asubuhi baada ya Misa. Mihogo ya kuchemsha, ndagala na chupa ya maji vilikuwa katika mfuko mmoja, nao niliubeba mimi. Hatukuwa tumemaliza nyumba kumi. Mama mmoja akatuuliza kwa sauti ya pole, "Nani amefariki?" Vijana wa pikipiki wakatuita mara tatu, wakidhani hatuna nauli. Bibi kizee mmoja alicheka waziwazi, akasema Mwalimu amelishwa dawa. Nakiri kwamba nilitamani kumrudishia mke wangu mfuko mpaka tupite soko. Aibu ni nguvu kubwa kuliko tunavyodhani.

Tulipanda kilima kilicho nyuma ya kijiji, si mbali. Juu zaidi watu hawaendi hivi hivi. Njia ile ndiyo aipitayo mke wangu mara tatu kwa juma kwenda kwenye mihogo yetu. Alinitangulia, maana aliijua. Mahali fulani palikuwa na jiwe pana chini ya mwembe. Akaligusa kwa mkono kama mtu anayemsalimu rafiki, akasema hapa ndipo atuapo mzigo. Miaka kumi, wasomaji wapenzi, nilikula mihogo ile, nami nilikuwa sijui kama kuna jiwe. Juu kidogo tukageuka. Ziwa lote lilikuwa wazi, mitumbwi ya wavuvi wa usiku imevutwa pwani, na kwa mbali Ubwari imelala majini. (Burton, alipopita huku pamoja na Speke kwa mitumbwi mwaka 1858 wakielekea Uvira, aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Mwenye kwenda kwa miguu angalijua kwamba ni rasi.) Mke wangu alisimama muda mrefu. Kisha akasema, "Sijapata kuliona ziwa toka hapa. Nashukapo nina kuni mgongoni na kamba kwenye paji la uso, naona vidole vya miguu tu."

Sikuwa na jibu. Nimefundisha mafundisho ya ndoa kwa vijana wengi.

Tulikaa pale, tukala. Akanionyesha bonde walikolala na mama yake walipokimbia, na mahali alipozikwa mdogo wake wa kunyonya, asubuhi yake. Hakuwa amewahi kunieleza. Labda mambo ya namna hiyo hayasemwi jikoni, huku sufuria inachemka na watoto wanaita. Yanahitaji siku isiyo na kazi.

Tuliposhuka, kwenye njia ya kutoka juu tulimkuta mama mmoja na watoto wawili. Walikuwa wamekimbia mapigano ya huko milimani, siku ya tatu sasa. Yeye alikuwa na furushi na mtoto mdogo, na yule mkubwa alikuwa na sufuria kichwani. Mihogo iliyobaki tuliwapa. Tulikuwa tumekusudia kwenda kuosha miguu ziwani na kuketi mpaka jua lipungue, hatukwenda. Nilichukua furushi, mke wangu akambeba mtoto, tukafuatana mpaka parokiani.

Njiani niliona haya, nikajiuliza kama tulikuwa na haki ya furaha yetu juu ya njia ile ile anayokimbilia mwenzetu. Nikakumbuka sura ya sita ya Marko. Mitume walikuwa wamechoka, hawana hata nafasi ya kula, na Bwana wetu akawaita waende faragha wapumzike kidogo. Wakapanda mashua. Lakini watu walizunguka ziwa kwa miguu, wakawatangulia kufika. Naye aliwahurumia, akaanza kuwafundisha, na jioni akawalisha. Hakuwaambia mitume kwamba walikosa kutamani pumziko. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliagiza. Wala hakuligeuza kuwa ukuta wa kuwazuia wenye shida. Tukisema kwamba hapa Fizi mtu asipande kilima kwa furaha mpaka vita viishe, tumewaachia wenye bunduki kilima na ziwa pia, na watoto wetu watajua njia za kukimbilia tu. Lakini anayetembea bila mzigo anadaiwa bega. Hilo sikulisoma seminarini.

Karibu na kanisa tulimkuta yule mzee mvuvi anatengeneza wavu. Aliliona furushi kichwani mwangu, akaridhika. "Kumbe mlikuwa na safari, Mwalimu!"

"Hapana, Mzee," mke wangu akamjibu, "tulikuwa tunatembea tu."

Kitabu cha picha bado kiko nyumbani. Padri Paroko amekwisha kunidai mara mbili, nami nimemwomba juma moja zaidi, maana majirani wanakuja kukitazama.