Kikuukuu na Haki Yake

Macho ya mwanadamu huchoka upesi kutazama kile alicho nacho. Kilichotamaniwa jana kwa hamu kubwa hutazamwa leo kwa uvivu, na kesho hulaumiwa kwa kosa la kutokuwa kingine. Wahenga waliufahamu udhaifu huu wakasema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Kisha wakaongeza onyo la pili, kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Methali ya kwanza yaeleza moyo ulivyo. Ya pili yaeleza moyo upaswavyo kuwa. Baina ya hizo mbili pana swali ambalo kila mwenye fedha chache hulazimika kulijibu: kitu kikuukuu kina haki gani juu ya mwenyewe, na mwenyewe ana haki gani ya kukiacha?

Swali hili si geni, lakini huonekana wazi zaidi katika vyombo vya siku hizi kuliko katika jembe ama kitanda. Achukuliwe kwa mfano kijana mwenye kompyuta ya michezo iliyoundwa mwaka 2017. Ndani yake mna prosesa ya Ryzen 5 1600, ambayo hufanya hesabu. Kadi ya picha ya GTX 1060, ambayo huchora kila kinachoonekana kiooni. Kumbukumbu ya gigabaiti 8. Na diski ngumu ya kuzunguka. Kwa wakati wake kilikuwa chombo cha kuridhisha. Sasa mchezo mpya hukwama katikati ya mbio, picha huruka, na kufunguka kwake humpa mchezaji nafasi ya kumaliza kikombe cha chai. Kijana ana akiba ndogo, na akiba hiyo ina wadai wengine. Umbu lake anahitaji sare ya shule, na paa la nyumba linavuja. Kila shilingi itakayoingia katika kompyuta ni shilingi iliyokataa kwenda mahali pengine.

Wapo watakaosema kwamba neno limekwisha hapo: mchezo ni upuuzi, na upuuzi haustahili fedha. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Bao huchezwa chini ya mwembe na watu wazima wenye heshima zao, wala hakuna awaitaye wapumbavu. Furaha halali ni haja ya moyo kama usingizi ulivyo haja ya mwili. Lakini ni haja yenye kipimo. Kwa hiyo lililo gumu si kama kijana atumie ama asitumie, bali atumie kiasi gani, kwa kitu gani, na baada ya kujua nini.

Wajibu wa kwanza ni kujua. Kompyuta hufanya kazi kama kundi la wachukuzi wanaopokezana mzigo. Mwendo wa kundi zima ni mwendo wa yule aliye mzito kuliko wenzake. Kadi ya picha iliyo bora ikifungwa pamoja na prosesa iliyochoka hukaa ikingoja kupewa kazi. Fedha imetoka, kasoro imebaki palepale. Hata hivyo, chombo chenyewe hakifichi ugonjwa wake. Zipo programu za kupimia ambazo huonyesha, wakati mchezo ukiendelea, ni kiungo kipi kinachotumia nguvu zake zote na kipi kinachopumzika. Kadi ikiwa imefikia asilimia 100 ya uwezo wake, kadi ndiyo mchukuzi mzito. Ikiwa kadi yangoja, na ishtakiwe prosesa ama kumbukumbu. Mwenye fedha nyingi aweza kununua kila kitu na kuuponya ugonjwa bila ya kuujua. Mwenye fedha chache hana ruhusa hiyo. Uchache wa fedha ni mwalimu mkali, na somo lake la kwanza ni kwamba asiyejua kilichompungukia hana analoweza kununua kwa haki.

Baada ya kujua, yafaa kisicho na gharama kitangulie, cha gharama ndogo kifuate, na cha gharama kubwa kije mwisho. Vumbi lililoziba feni huondolewa kwa brashi na subira. Prosesa iliyopata joto kupita kiasi hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue, na mwenyewe akadhani imezeeka. Vivuli vya mchezo vyaweza kupunguzwa bila ya mchezo kuharibika. Mara nyingi kumbukumbu huendeshwa chini ya kasi iliyonunuliwa, kwa sababu tu hakuna aliyeiamuru ifanye zaidi. Kisha huja kumbukumbu ya pili kukaa kando ya ya kwanza, kwani vipande viwili hupitisha kazi kwa njia mbili. Na bei yake haina uaminifu, maana mwishoni mwa mwaka 2025 bei za kumbukumbu zilipanda kwa ghafula baada ya vituo vikubwa vya akili mnemba kuzigombea. Diski isiyozunguka hufupisha kungoja kwa namna ya kushangaza, lakini haiongezi wepesi wa picha. Kila tiba ina ugonjwa wake.

Hapa pana mtego. Aliyeanza kutengeneza huonja utamu wa kutengeneza, na utamu huo huweza kumwongoza kutoka haja hadi tamaa bila ya yeye kuona mpaka alipouvuka. Leo ni kumbukumbu, kesho ni taa za rangi ndani ya kasha, keshokutwa ni kioo kipana zaidi. Kipimo cha kuzitenga hizo mbili ni chepesi. Haja huweza kutaja jina la ugonjwa. Tamaa hutaja jina la dawa tu. Kijana akiulizwa kwa nini anataka kadi mpya akajibu kwamba mchezo fulani hukwama katika jambo fulani, huyo ana haja. Akijibu kwamba kadi hiyo imetoka mwezi huu, amekwisha jihukumu.

Lakini si haki kumtwika mnunuzi peke yake mzigo wote wa wema. Mtengenezaji naye ana fungu lake. Kampuni ya AMD ya Marekani ilitoa mwaka 2016 soketi iitwayo AM4, ambayo ndiyo makazi ya prosesa katika bodi. Mwezi Mei 2020 ilitangaza kwamba prosesa zake zilizokuwa zikija hazingepokelewa na bodi za zamani zenye soketi hiyohiyo. Wenye bodi walilalamika, na kabla ya mwezi kwisha kampuni ilibadili kauli kwa baadhi ya bodi hizo. Mwaka 2022 mlango ulifunguliwa hata kwa bodi za mwanzo. Ndipo bodi ya mwaka 2017 ilipoweza kuipokea Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, prosesa yenye kipimo kilekile cha wati 65 na nguvu iliyoizidi sana ile ya kwanza. Sharti ni kwamba mtengenezaji wa bodi awe ametoa programu mpya ya msingi, nayo iingizwe kabla ya prosesa kubadilishwa, kama mwenyeji apashwavyo habari kabla ya mgeni kupiga hodi.

Upande wa pili upo mfano wa mlango uliofungwa. Microsoft ilipotoa Windows 11 mwaka 2021, Ryzen 5 1600 haikuwamo katika orodha ya prosesa zilizokubaliwa. Na tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma. Chombo kilicholala kizima kiliamka kizee kwa tangazo, si kwa kuvunjika. Huenda sababu za usalama zilizotolewa zikawa za kweli. Hata hivyo, mwenye uwezo wa kukizeesha kitu cha mwingine kwa kalamu anadaiwa uangalifu mkubwa kuliko mwenye kukivunja kwa nyundo, kwa kuwa nyundo hufika nyumba moja na kalamu hufika nyumba zote.

Muuzaji wa mitumba pia yumo katika mizani. Mwezi Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ilibadili njia yake ya kuthibitisha malipo, na kadi za picha zilizokuwa zikiifanya kazi hiyo usiku na mchana zikakosa ajira. Nyingi ziliingia sokoni. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, na kwa mwenye akiba ndogo yaweza kuwa neema. Ubaya umo katika kuificha historia yake. Muuzaji asemaye kweli hupunguziwa bei, lakini asemaye uongo huiba mara mbili: huiba fedha ya mnyonge, na huiba imani ambayo mnyonge mwingine angeihitaji kesho. Mnunuzi naye asione haya kuomba kadi ijaribiwe mbele ya macho yake. Kuhakikisha si kutukana.

Basi je, kutengeneza ni wema siku zote? La. Ukaidi nao huvaa kanzu ya uwekevu. Mtu aweza kununua kipande leo na kipande kesho, hata jumla ya vipande ikapita bei ya chombo kizima. Aweza kuacha pawa saplai duni igawe umeme kwa viungo vya thamani, na siku moja ikavichoma vyote. Huyo hakuziba ufa, na sasa anajenga ukuta. Bodi ikifa, ama kiungo kilichobaki kikiwa hakina mwenzi sokoni, kuaga si usaliti. Wala umaskini usisifiwe kwa sababu umemfundisha mtu hesabu. Mwalimu mkali hashukuriwi kwa kila fimbo.

Hata hivyo, palipo na shaka, mizani na ielemee upande wa kikuukuu. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha takataka za vyombo vya umeme tani milioni 62, na chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kinachotupwa hakitoweki, huhamia uani kwa mtu mwingine.

Mafundi wa pwani hubadili mbao za jahazi moja moja, mwaka baada ya mwaka, na jahazi haliitwi jingine. Jina hukaa katika safari, si katika mbao. Kijana wa mfano huu akisafisha feni, akaongeza kumbukumbu, na kwa msimu ujao akaweka akiba ya prosesa, atakuwa na chombo kilekile kisicho kilekile. Umbu lake atakwenda shule na sare, na mchezo utaendelea jioni bila ya kukwama sana. Aliyekijua kilichopungua akakijaza kwa kiasi chake hakupata kipya, alipata kinachotosha.