Hima ni ya Nani?

Yako maswali mawili ambayo watu wetu huyachanganya yakawa moja. La kwanza: je, yajuzu kumkataza mtu kitu kilichoota chenyewe kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, hakikupandwa na mkono wa mtu? La pili: kikikatazwa, ni nani mwenye haki ya kukataza, na akataze kwa maslaha ya nani? Barazani tunapozungumza juu ya mikoko twalijibu la kwanza tu, kisha twainuka kwenda zetu.

Wala mikoko si kitu kigeni kwetu. Dari za nyumba zetu za mawe zachukuliwa na boriti zake, na upana wa vyumba vya Lamu ulifuata urefu wa boriti, si matakwa ya mwenye nyumba. Tanuu za chokaa zilikula kuni zake. Majahazi yalizipakia boriti hizo yakaenda nazo Arabuni, mpaka serikali ilipokataza kuzipeleka nje mwaka 1982. Na katika mizizi yake ndimo wanamokulia samaki wadogo, kamba na kaa, ambao mvuvi asiyekuwa na mashua huwategemea kwa riziki ya siku. Kwa hiyo anayekata ovyo anakata na cha mwenzake, na kumzuia ni haki. Hapa hatuoni hitilafu kubwa.

Hitilafu i katika swali la pili. Waarabu wa zama za Jahiliya walikuwa na desturi ya hima, yaani malisho yaliyokatazwa. Yasimuliwa kuwa mkubwa wao akipanda mahali palipoinuka na mbwa wake, akambwekesha, na sauti ilipofika ndipo ulipokuwa mpaka wa hima yake. Humo halishi mwengine. Yeye alisha humo na kwa wenziwe pia. Mtume wetu (s.a.w.) aliivunja desturi hii, hakubakisha ila hima ya maslaha ya umma, naye akaiweka Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu.

Kisha tumtazame Sayyidna Umar (r.a.). Alipomsimamisha Hunayy, mtumwa aliyemwacha huru, kuilinda hima, alimpa wasia uliomo katika Sahihi ya Bukhari. Alimwamuru awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Mwenye ngamia wachache na mbuzi wachache amwache aingie. Lakini wanyama wa Abdulrahman bin Auf na wa Uthman bin Affan awazuie. Nao, kama tujuavyo, walikuwa katika masahaba wakubwa! Sababu aliyoitoa ni kuwa hao, mifugo yao ikifa, wana mitende na mashamba ya kurejea. Lakini maskini akifiwa na wanyama wake atakuja na watoto wake kumlilia Khalifa, naye hatakuwa na njia ya kuwaacha. Maji na majani, aliona, ni mepesi kuyatoa kuliko dhahabu na fedha. Tena akaapa kuwa watu hao wanaona amewadhulumu, kwani nchi ni yao, waliipigania tangu Jahiliya na wakasilimu wakiwa juu yake. Aliyeweka hima ndiye aliyekiri hayo.

Tangazo la mwaka 1932, lililoifanya mikoko yote ya pwani ya Kenya kuwa msitu wa serikali, lilitolewa na watawala waliotoka ng'ambo. Halikuhitaji mbwa, kalamu ilitosha. Ilichukua zaidi ya miaka sabini hata sheria ya misitu ya 2005, na baada yake ile ya 2016, zikawapa wanavijiji njia ya kufanya jumuiya na kuandikiana mkataba na idara ya misitu ili washiriki kuulinda msitu na kuutumia.

Gazi na Makongeni, katika Kwale, wameitumia njia hiyo. Tangu 2013, kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja, wanalinda hektari 117. Mikoko na tope lake huimeza hewa ya kaboni, na wanunuzi wa ng'ambo hulipia kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Wanavijiji wenyewe hushauriana fedha ziende wapi, nazo zimetia maji na kusaidia skuli. Pia wamepanda mivinje, ili mwenye haja ya kuni na nguzo asiambiwe "usikate" tu, bali aonyeshwe pa kukata. Vanga, Jimbo na Kiwegu wamewafuata.

Yuko asemaye kuwa fedha hizo ni hongo ya matajiri wanaotaka kuendelea kuchafua hewa kwao. Sisi twaona ni ujira wa mlinzi, nao ni halali. Lakini msitu ungali wa serikali, na mnunuzi yu mbali. Siku ambayo hao wawili watakata shauri bila ya mwanakijiji, mbwa atakuwa amepandishwa tena kilimani.

Mwaka 2018 serikali ilikataza ukataji wa miti katika misitu yake yote, na mikoko ndani yake. Wakataji wa Lamu walikaa bila ya kazi. Katazo hilo lilikuwa sawasawa kwa wote, na hapo ndipo lilipokosea, kwani Umar hakukataza sawasawa. Mkataji ana shoka na mtumbwi. Mfanyi biashara wa boriti ana duka, na pengine nyumba ya kupangisha.

Bin Auf wetu basi ni nani? Mlinzi wa kijiji aweza kumshika mwenye shoka topeni. Lakini aliyemtuma hakanyagi tope, wala kamati ya kijiji haina njia ya kumfikia. Yuko nasi hapa mjini, twaswali naye safu moja, na aliyewahi kumwuliza boriti zake zimetoka wapi hatumjui.