Wimbo ni wa Nani?

Lipo swali moja ambalo limekuwa likinirudia kwa muda mrefu, nalo ni hili: kitu kilichofanywa na watu wengi kwa pamoja ni cha nani? Sizungumzii kiwanja wala ng'ombe, maana kiwanja kina mipaka na ng'ombe ana alama. Nazungumzia kitu kisichoshikika kwa mkono, kama wimbo. Mmoja huleta maneno, mwingine huyatengenezea sauti, wa tatu hupiga gitaa, wa nne hukaa nyuma na ngoma zake. Mwisho wimbo hutoka, watu wakaupenda, na hapo ndipo manung'uniko huanza.

Huku kwetu Shinyanga, ambako nilikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu na baadaye mkuu wa shule, swali hili halikuletwa na redio. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo masimulizi huvihusisha na waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vyama hivyo hushindana. Kila kimoja hucheza upande wake, siku ileile, na kinachovuta watu wengi zaidi ndicho mshindi. Ushindi wa namna hiyo haupatikani kwa kurudia nyimbo za mwaka jana, kwa hiyo hapana budi manju aje na wimbo mpya. Huutunga peke yake, lakini akishauleta kwa wenzake hauwi tena kama alivyouleta. Waitikiaji huukataa mstari usiotamkika kwa haraka, na mpiga ngoma huuongezea mwendo. Siku ya mashindano jina la manju hutajwa kwa heshima kubwa, lakini kinachoshinda ni chama. Kama kuna ng'ombe wa zawadi, huchinjwa na kuliwa na wote.

Basi pale hakuna ugomvi mkubwa, kwa sababu ng'ombe huliwa siku moja akaisha. Shida huanza pale wimbo unapoendelea kuzaa fedha miaka na miaka baada ya watungaji wake kutawanyika.

Tuchukue mfano wa Mlimani Park Orchestra, maarufu kama Sikinde, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978. Sisi wa bara tuliijua kwa njia ya Radio Tanzania. Humo walikuwamo waimbaji Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka na Cosmas Chidumule, wapiga magitaa kama Abel Balthazar na Joseph Mulenga, na Michael Enoch mpuliza saksofoni. Katika bendi za dansi za wakati ule, wimbo mpya ulianza kwa mtu mmoja kuleta maneno na sauti mazoezini. Mpiga solo alitafuta kifungulio, mpiga ridhimu akajaza, mpiga besi akaweka msingi, na wapuliza tarumbeta na saksofoni wakatafuta mahali pa kuwajibu waimbaji. Sehemu ya kwanza ilikwenda polepole ili kisa kisikike. Sehemu ya pili ilichemka, watu wakacheza. Wimbo ulijaribiwa ukumbini usiku, na wachezaji nao, bila kujua, wakawa waamuzi wa kipi kibaki na kipi kiondolewe. Hatimaye ulipelekwa Radio Tanzania. Kule studio bendi ilipiga kwa pamoja, na aliyekosea aliwarudisha wenzake wote mwanzo.

Sasa, ndugu msomaji, tufanye jaribio dogo. Mwondoe aliyeleta maneno: hakuna wimbo. Hilo ni wazi. Lakini mwondoe mpiga solo. Wimbo upo, ila si ule ambao mtu huutambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mwondoe mpiga besi, na miguu ya wachezaji itakuambia kwamba kuna kitu kimepungua, hata kama hawajui kukitaja. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa, wala hawakusema vimeundwa na mmoja.

Pamoja na hayo, katika bendi nyingi za wakati ule mwenye kauli ya mwisho hakuwa mtunzi wala mpigaji. Alikuwa mwenye vyombo. Vyombo vilikuwa ghali, na aliyekuwa navyo, awe shirika la umma, chama cha wafanyakazi au mfanyabiashara, ndiye aliyekuwa na bendi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa. Walipohama, na walihama sana, kama Gurumo na wenzake kadhaa walivyoondoka Mlimani Park mwaka 1985 kwenda Orchestra Safari Sound, nyimbo walizozifanya zilibaki nyuma zikipigwa na wengine. Gurumo aliimba tangu miaka ya 1960, akapita NUTA Jazz, Mlimani Park na Safari Sound, kisha akairudia bendi ile ya zamani ambayo leo inaitwa Msondo Ngoma. Alipostaafu mwaka 2013 alieleza hadharani kwamba muziki wa maisha yake yote haukumpatia hata gari, na mwanamuziki kijana, Diamond Platnumz, akamzawadia moja. Mwaka 2014 Gurumo alifariki dunia. Zawadi ile ilikuwa tendo jema la kijana kwa mzee. Lakini mtu aliyeimbiwa harusini na misibani na nchi nzima hakustahili kungoja zawadi. Alistahili haki.

Je, haki hiyo ingepatikana vipi? Nadhani jibu moja liko karibu, huko kwenye madini. Geita ilichimbwa dhahabu tangu miaka ya 1930, mgodi wa zamani ukafungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kazi mwaka 2000. Lakini wanaonifaa katika hoja hii ni wachimbaji wadogo. Duara moja lina watu wengi: mwenye leseni, mwenye duara, aliyegharimia chakula na matimba, na vijana wanaoshuka. Kabla ya mtu kushuka, mgao wa mifuko ya mawe hutajwa. Wakati huo hakuna ajuaye kama mawe yale yakishapita kwenye karasha na mwaloni yatatoa kitu au yatatoa vumbi tu. Na hapo ndipo ilipo hekima ya desturi hiyo. Dhahabu isipoonekana bado, akili za watu zimetulia. Ikishaonekana, kila mmoja hukumbuka jasho lake na kusahau la mwenzake.

Sisemi kwamba mgao wa duarani ni wa haki siku zote. Kijana mwenye njaa hukubali sehemu ndogo, kwa kuwa hana pengine pa kwenda, na agano la mwenye njaa na mwenye shibe ni agano lenye kilema. Wanamuziki wetu nao walikuwa na agano la mshahara. Tatizo ni kwamba agano hilo lilihusu usiku wa kazi, halikuuhusu wimbo wenyewe. Kwa hiyo naona mambo matatu ni ya lazima: agano lifanyike mapema, liguse kitu chenyewe, na anayelifanya awe na nafasi ya kusema hapana.

Mfano wa agano lililotimiza hayo unatoka mbali, ingawa mmoja wa watu wake alikuwa mzaliwa wa kwetu. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Bendi yake ya roki, Queen, ilikuwa na watu wanne, na wote walitunga. Kwa miaka mingi kila wimbo ulibeba jina la aliyeuleta, naye ndiye aliyelipwa kama mtunzi. Mwaka 1975 walitoa santuri yenye "Bohemian Rhapsody", utunzi wa Mercury. Upande wa pili uliwekwa wimbo wa mpiga ngoma, Roger Taylor, unaohusu mapenzi ya mtu kwa gari lake. Watu walinunua santuri kwa ajili ya upande wa kwanza, lakini mtunzi wa upande wa pili alilipwa sawasawa na wa kwanza. Jambo hilo lilileta manung'uniko yaliyodumu. Tangu hapo kuchagua wimbo upi uingie katika albamu kulikuwa pia kuchagua nani apate fedha.

Walipotengeneza albamu ya The Miracle, iliyotoka mwaka 1989, walikubaliana kwamba kila wimbo uandikwe jina la Queen, bila kujali nani ameuanzisha. Walifanya vivyo hivyo katika Innuendo ya mwaka 1991, mwaka aliofariki Mercury. Mpiga gitaa wao, Brian May, ameeleza kwamba uamuzi huo uliwafaa sana, kwa kuwa wimbo uliangaliwa kwa uzuri wake, si kwa mwenyewe. Hapo pana fundisho. Kumbe mgao haukuwa jambo la mwisho, la kuhesabu fedha tu. Uliingia ndani ya kazi na kuibadilisha. Mtu ambaye hana wimbo "wake" wa kuulinda anaweza kuutengeneza wa mwenzake kwa moyo wote.

Najua patakuwa na pingamizi mbili. Ya kwanza ni ya mvivu. Katika vyuo vya ualimu tulitoa kazi za vikundi, na kila mkufunzi anajua kwamba katika watu sita huwamo mmoja wa kubebwa. Ni kweli. Lakini kikundi ndicho kinachomjua mvivu wake kuliko mkufunzi, na agano jema husema pia tutafanya nini mtu asipoleta mchango. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: kugawana sawa ni kumdhulumu mwenye kipaji. Hapa natenganisha heshima na mkate. Chanda chema huvikwa pete, na jina la manju litajwe kwa sauti kubwa. Lakini heshima yake haihitaji njaa ya waitikiaji ili ionekane. Wala sidai kwamba kila mgao lazima uwe sawa kwa sawa. Nadai tu kwamba ujulikane, na wote wauone kuwa ni wa haki wakati hakuna bado cha kugombania.

Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayomtambua mtunzi na pia kuwatambua waimbaji na wapigaji. Ni hatua njema. Hata hivyo, mara nyingi sheria huitwa baada ya ugomvi, na anayeiita huwa tayari amempoteza rafiki.

Siku hizi vijana wa Shinyanga, Kahama na Geita wanatengeneza nyimbo katika vyumba vidogo, kwa kompyuta moja na kipaza sauti kimoja. Mmoja ana mashairi, mwingine ana mdundo, wa tatu anaitikia kiitikio kwa kuwa alipita tu kuwasalimia. Nawashauri wachukue karatasi moja kabla ya kuwasha mashine, waandike nani yumo na atapata nini, kisha wote watie sahihi, hata yule aliyepita kusalimia. Wimbo usipovuma, watakuwa wamepoteza karatasi tu. Ukivuma, wataweza kutunga wa pili wakiwa bado wanazungumza.