Jina Moja au Majina Mengi?

Tuseme mwalimu wa shule ya sekondari amewagawa wanafunzi wake katika makundi, wanne wanne, akawapa kazi ya kutunga mchezo wa maswali juu ya muziki wa Kongo. Kila swali litaandikwa upande mmoja wa karatasi ngumu, na jibu lake upande wa pili. Sharti ni moja: jibu liwe fupi. Kazi ya namna hii yaonekana nyepesi. Lakini, wasomaji wapenzi, ndani yake mna swali zito juu ya haki.

Kundi moja laandika: «Missa Luba ilitungwa na nani?» Na nyuma ya karatasi: «Padri Guido Haazen.» Watatu wakubali; wa nne asema kwamba jibu hilo si kamili. Wenzake wamjibu kuwa watatu ni wengi kuliko mmoja, tena saa inakwisha. Je, ni nani asemaye kweli?

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa. Padri Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianzisha huko Kamina, katika Katanga, kwaya iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Ndani yake walikuwamo watoto wa shule pamoja na walimu. Missa Luba iliimbwa na kwaya hiyo mwaka 1958. Maneno yake ni ya Kilatini, lakini sauti zake zilitoka katika nyimbo za wenyeji, na waimbaji walizibuni pamoja katika kuimba kwenyewe, pasipo kuandikiwa noti. Sauti ya Joachim Ngoi, aliyeongoza wimbo, yasikika hata leo katika santuri. Pasipo Padri, pengine kwaya isingalikuwako. Pasipo waimbaji, Misa ile isingaliimbwa vile.

Wengine watasema: mchezo ni mchezo tu, nani ataumia kwa karatasi ndogo? Lakini mtoto husahau hotuba, asisahau jibu lililompa ushindi. Akilijibu mara kumi, jina moja litakaa moyoni mwake, na mengine yatafutika. Hivyo ndivyo watu wengi walivyosahauliwa, ingawa hakuna aliyekusudia ubaya.

Kura nayo haisaidii. Kura yaweza kumchagua kiongozi wa kundi. Haiwezi kubadili jambo lililokwisha kutendeka. Wala yule aliye peke yake asidhani kwamba upweke wake ni ushahidi. Yampasa aeleze sababu zake kwa upole.

Haki, kama walivyofundisha wenye hekima wa kale, ni kumpa kila mtu kilicho chake. Basi dawa si kulifuta jina la Padri, maana hiyo ingekuwa dhuluma mpya. Dawa ni kulitengeneza swali lenyewe: «Ni kwaya gani ya Kamina iliyoimba Missa Luba mwaka 1958, na ni padri gani aliyeianzisha?» Kadhalika wimbo «Marie-Louise» wa mwaka 1948: Wendo Kolosoy ndiye asifiwaye zaidi, lakini gitaa lisikikalo humo ni la Henri Bowane. Na waulize: «Nani aliimba, na nani alipiga gitaa?» Jibu labaki fupi, wala hakuna anyang'anywaye sifa yake.

Ikiwa wale watatu wangali na shaka, mwalimu na awaulize neno moja: mchezo ukimalizika, na juu ya sanduku lake likaandikwa jina la kiongozi wa kundi peke yake, mtaona vema? Watajibu upesi kwamba sivyo. Kwa kuwa mmoja alikata karatasi, mwingine aliandika kwa mkono mzuri, mwingine alikwenda kwa wazee kutafuta habari. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi haki ile wanayoidai kwa ajili yao wenyewe, na wawape pia waimbaji wa Kamina.