Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame

Katika hazina ya methali tulizorithi kwa wahenga, zipo zilizotungwa kuliwaza na zipo zilizotungwa kuonya. Na zipo chache zilizotungwa kama sheria, ambazo hazibembelezi wala hazitishi, bali hueleza jinsi mambo ya dunia yalivyo, kisha humwachia msikilizaji hiari ya kuyafuata au kuyapuuza. Methali hii ni ya kundi hilo la tatu. Hunenwa kila siku, barazani na sokoni, madarasani na majikoni, hata maana yake imefifia kwa kuzoeleka, na wengi hudhani kuwa haisemi neno zaidi ya kwamba kazi ni jambo jema. Kazi ni jambo jema, wala hapana abishaye. Lakini waliotunga methali hii walikuwa na neno kubwa kuliko hilo.

Kwanza tuutazame mvungu wenyewe. Katika nyumba za kale za mwambao, kitanda hakikuwa cha kulalia tu. Chini yake palikuwa ghala ya mwenye nyumba, ambapo lilisukumwa kasha la nguo za sikukuu, na kibweta cha hati na akiba, na mkoba wa ukili wenye vitu ambavyo mgeni hakupaswa kuviona. Kitu cha thamani hakikuachwa peupe. Kiliwekwa gizani, penye vumbi, mbali na jicho la mpita njia. Basi anayekitaka hana ila njia moja: apige magoti, ainamishe kichwa, anyoshe mkono na kupapasa. Tajiri huinama na maskini huinama, na aliye mrefu huinama zaidi kuliko aliye mfupi, kwa kuwa mvungu haumjui mtu wala hauulizi nasaba.

Methali huanza na kutaka, na kutaka kwenyewe huanza na dhana. Hapana ainamaye kutafuta kitu asichoamini kuwa huenda kipo. Mtu wa dhana mbaya, ambaye kila kukicha hujiambia kuwa mvungu ni mtupu, au kuwa kilichokuwamo wenziwe wamekwisha kukitwaa, hatainama. Na kwa kuwa hakuinama hatapata. Na kwa kuwa hakupata ataona dhana yake imethibitika, ilhali ni yeye mwenyewe aliyeithibitisha kwa kukaa kitako. Mtu wa dhana njema naye hajui kilichomo mvunguni. Elimu yake haizidi ya mwenziwe hata kidogo. Tofauti yao ni kuwa huyu amekubali kutazama. Kwa hiyo moyo mkunjufu tunaousifu si kicheko cha kila saa, wala si kujidanganya kuwa shida hazipo. Ni utayari wa kutoa jasho kwa ajili ya jambo ambalo bado halijaonekana.

Hapa yafaa tusimame kidogo katika neno ambalo wasemaji wengi hulipita mbio. Wahenga walisema sharti, na sharti si dhamana. Hawakusema kuwa kila ainamaye atapata. Walisema kuwa asiyeinama hatapata. Walikuwa watu wa jembe na wa tanga, waliopata kupanda mbegu mvua ikagoma, na kushinda baharini kutwa wakarudi na chombo kitupu, na haikuwa tabia yao kuahidi wasichoweza kukitimiza. Baina ya sharti na dhamana pana uwanja mpana, na katika uwanja huo ndimo kudra ya Mwenyezi Mungu inamopita, na ndimo roho ya binadamu inamopimwa. Lau kuinama kungalikuwa na malipo ya hakika, matumaini yasingalihitajiwa, hesabu ingalitosha. Ni kwa sababu malipo hayana hakika ndipo mtu anapohitaji akili iliyonyoka na moyo usiovunjika upesi, ili alitimize sharti leo, na kesho alitimize tena, hata kama jana mkono ulitoka mtupu.

Mfano wa jambo hili tunao karibu, katika maisha ya mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, mnamo mwaka wa 1880, wakati utumwa ulikuwa bado haujapigwa marufuku, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye aliirithi kazi hiyo, ambayo kutoka mwanzo hadi mwisho ni kuinama: udongo huchimbwa, ukatwangwa, ukakandwa kwa maji, ukafinyangwa kwa mikono mitupu, ukaanikwa na kuchomwa, kisha vyungu huchukuliwa kichwani kwenda kuuzwa. Yasemekana kuwa sauti yake ilianza kusikika alipokuwa akivinadi vyungu hivyo njiani. Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Hakuwa binti tena, hakupata kusoma shule, wala hakuwa na ukoo wa kumfungulia milango ya wakubwa. Tena taarabu ya siku zile ilikuwa jambo la majumba ya kifalme, ikiimbwa kwa Kiarabu. Akakubali kukaa chini ya walimu, ajifunze kwa kusikiliza na kukariri, yeye aliyekwisha kuwa mtu mzima, mambo ambayo wengine huyaanza wakiwa watoto. Ilipita miaka 17 kabla ya kusafiri kwenda Bombay, mwaka wa 1928, kutia sauti yake katika sahani za santuri, akiimba kwa Kiswahili. Na sahani hizo zikaenea mwambao wote na bara. Alipokuwa akikaa mbele ya walimu wake, hapakuwa na mtu aliyemwahidi Bombay. Alitimiza sharti pasipo dhamana.

Lakini pana kuinama na kujidhili, na ole wake asiyepambanua. Siti alipopata jina, wenye husuda walimtungia wimbo wa kumkejeli kwa asili yake ya shamba na umaskini wake wa zamani. Hakujificha, wala hakuiomba radhi dunia kwa kuzaliwa alipozaliwa. Aliwajibu kwa wimbo wake, kwa utulivu wa mtu anayejua thamani yake. Aliinama mbele ya kazi na elimu, hakuinama mbele ya dharau. Aulizwaye na methali kama yu tayari kuinama haulizwi kama yu tayari kulamba miguu ya watu. Wanaopotosha maana hiyo huwafundisha vijana unyonge, wakauita adabu.

Tena kitanda cha kamba kina tabia moja ambayo kila aliyekilalia anaijua. Kadiri kinavyolaliwa ndivyo kamba zinavyolegea, na kadiri zinavyolegea ndivyo mvungu unavyopungua kimo. Mvivu anayejinyosha juu ya kitanda akisema atainama kesho hajui kuwa uzito wake mwenyewe unaishusha dari ya mahali atakapoingiza mkono. Kesho atalazimika kuinama zaidi, na keshokutwa huenda akahitaji kulala kifudifudi kwa kitu ambacho leo angalikipata kwa goti moja. Barua isiyojibiwa, deni lisilosemwa, shamba lisilopaliliwa, yote hufuata kanuni hiyo: taabu tunayoiahirisha haitungoji ikiwa na ukubwa uleule.

Mwisho, insafu yatulazimu kusema kuwa methali hii imetumiwa mara nyingi kama fimbo. Aliyeshiba humwona mwenye njaa, akasema: huyu hakuinama. Lakini huenda aliyekosa hakukataa kuinama. Huenda alizuiliwa mlangoni, asiruhusiwe hata kuingia chumbani mlimo na kitanda. Kumsuta mtu wa namna hiyo kwa methali ni kumdhulumu mara mbili, na wajibu wa jamii na serikali ni kufungua mlango kabla ya kukagua magoti ya watu. Hukumu ya nani aliinama na nani hakuinama ni nzito kwa mtu kumtolea mwenziwe, kwani jasho la ndani halionekani kwa jirani; lakini kila mtu ajua kwa yakini kama yeye mwenyewe ameinama au amekaa kitako. Kwa hiyo methali hii hufaa zaidi mtu anapojiambia nafsi yake kuliko anapomwambia mwingine, na ajiambiaye asubuhi kabla ya kazi hunufaika nayo kuliko amwambiaye jirani jioni baada ya kazi kushindikana.