Jina la Mwenzako na Kazi ya Mikono Yake



Siku hizi soko limehama. Zamani mwuzaji alitandika mkeka wake chini ya mti, na mnunuzi alikuja akaishika nguo, akaigeuza ndani na nje, akauvuta uzi wake, ndipo akatoa fedha. Leo mwuzaji yumo nyumbani mwake. Huweka picha ya bidhaa katika simu, na mtu aliye Mwanza au Mombasa au Marekani huiona, hulipa, kisha hungoja mzigo. Hatusemi kwamba jambo hili ni baya. Wako akina mama wa usharika wetu waliosomesha watoto wao kwa vikapu vilivyouzwa kwa njia hii. Lakini soko jipya limeleta swali, nalo limetufikia sisi wachungaji, nasi yatupasa kulijibu.

Kijana mmoja aliyepata Kipaimara mikononi mwetu alikuwa akiuza fulana katika mtandao. Alinunua fulana nyeupe kwa jumla, akazichapa alama ya timu kubwa ya mpira ya Ulaya, akaandika chini ya picha kwamba ni mali halisi. Siku moja akakuta duka lake limefungwa na wenye soko, na fedha zake zimezuiliwa, kwa kuwa wenye alama walikuwa wamelalamika. Akatujia kwa uchungu, akasema, “Baba Mchungaji, nimemwibia nani? Fulana ni zangu, rangi ni yangu, jasho ni langu. Alama yao bado wanayo. Mtu akiibiwa mbuzi, zizi huwa tupu. Hawa zizi lao limepungukiwa na nini?”

Tukamkemea upesi, tukamwambia, “Mwanangu, wizi ni wizi.” Akaenda zake kimya. Twakiri kwamba tulimkemea, lakini hatukumjibu.

Wiki chache baadaye barua ikatufikia sisi wenyewe. Mwaka ule wazee wa kanisa walikuwa wamekubali tuchape kalenda na kuiuza, ili tupate fedha za mabati ya kanisa letu jipya. Picha ya kalenda ilikuwa ya mlima Kilimanjaro alfajiri, nzuri mno. Tuliitoa katika intaneti, wala hatukumwuliza mtu. Kalenda tuliiuza mlangoni baada ya ibada, na kwa mtandao pia, kwa wana wetu wanaokaa mbali. Basi mwenye kuipiga picha ile akaiona. Akatuandikia kwa adabu kwamba alilala usiku mitatu katika baridi akiungoja mwanga ule, kwamba kuuza picha ndiyo kazi inayomlisha, na kwamba hakuna aliyemwomba ruhusa.

Tukawaita wazee. Mmoja akasema, “Mlima umeumbwa na Mungu, nasi twajenga nyumba ya Mungu. Huyu anadai nini?” Wa pili akasema, “Tuifute katika mtandao, tunyamaze, yatapita.” Ndipo mama mmoja, mzee wa kanisa, ambaye ni mshona nguo, akauliza, “Kama picha ile haina thamani, mbona hatukuuza kalenda nyeupe?” Wala hakuna aliyemjibu.

Swali lile ndilo lililotufundisha. Kweli mlima si wa mtu. Mtu ye yote aweza kupanda, akalala katika baridi, akaipiga picha yake mwenyewe, wala hakuna wa kumzuia. Lakini picha si mlima. Picha ni siku za mtu, na jicho lake, na ujuzi aliojifunza kwa miaka. Vivyo hivyo ye yote aweza kupika pilau, lakini maneno ya kitabu cha upishi ni kazi ya aliyeyatunga. Sheria za nchi nyingi zimefuata njia hii: wazo ni la wote, bali namna mtu alivyolitengeneza ni kazi yake. Haki hii huitwa hakimiliki. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 1999. Haki yenyewe huzaliwa pamoja na kazi, hata kama mwenyewe hakuiandikisha po pote. Na mwandishi wa kitabu hulindwa maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Basi aliyeibiwa picha hupungukiwa na nini? Hupungukiwa na ujira wake. Tukimwita fundi atupigie matofali, kisha tukamnyima mshahara, mikono yake bado anayo, na ujuzi wake bado anao. Hata hivyo hakuna Mkristo atakayesema kwamba hakudhulumiwa. Zizi halikuwa tupu, bali chungu cha jioni ndicho kilichokuwa kitupu.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther alipoieleza amri ya saba, hakuishia kwa mwizi wa usiku. Alitaja pia kujipatia mali ya jirani kwa bidhaa za uongo na biashara ya hila. Tena akaongeza kwamba imetupasa kumsaidia jirani ili mali yake na riziki yake zihifadhiwe na kuongezeka. Maneno hayo tuliwafundisha watoto wetu kwa moyo miaka mingi. Hatukujua kwamba yatatukuta na kalenda mkononi.

Lakini fulana za yule kijana ni jambo la namna nyingine kidogo, nalo si vema kuyachanganya haya mawili. Picha ni kazi. Alama ya biashara ni jina. Alama humwambia mnunuzi, “Kitu hiki kimetoka kwa fulani, naye atajibu kikiwa kibaya.” Kwa hiyo alama ni shahidi. Na anayeipachika juu ya kitu ambacho fulani hakukitengeneza, wala hakukiruhusu, amemsimamisha shahidi wa uongo. Hapo twatoka katika amri ya saba tu na kuingia katika ya nane pia. Wanaodhulumiwa ni wawili: yule mwenye jina, kwa kuwa ubaya wa nguo utahesabiwa kuwa wake; na yule mnunuzi, kwa kuwa amelipia jina akapewa kitu kingine. Na katika soko la mtandao uongo huu ni mzito zaidi, maana mnunuzi hawezi kushika nguo wala kuvuta uzi. Hana ila picha na jina. Ukivipotosha hivyo viwili, umempofusha macho yote.

Jambo hili lampata hata mtu asiyetafuta fedha. Luther hakuwadai wachapaji malipo kwa vitabu vyake. Walakini vitabu hivyo vilichapwa na watu wengine ovyo ovyo, vimejaa makosa, na jina lake juu yake. Basi mwaka 1524, alipotoa sehemu ya Agano la Kale aliyoifasiri, alitiamo alama mbili: mwanakondoo mwenye bendera, na waridi lenye moyo na msalaba, akaeleza kwamba hizo ni ushuhuda kuwa kitabu kimepita mikononi mwake. Mwaka 1525 sehemu ya mahubiri yake iliibwa kabla haijamalizika kuchapwa, ikatolewa katika mji wa Nürnberg, naye akawaonya wachapaji kwa ukali. Waridi lile twaliona hata leo katika makanisa yetu. Wengi hawajui kwamba lilipata kutumika kama alama ya kuwalinda wasomaji na vitabu vya uongo.

Yako maneno ambayo watu husema ili kujiondolea hatia. Wengine husema, “Wenye alama hizi ni matajiri, hawatasikia njaa.” Lakini amri haiulizi mwenye mali ana kiasi gani. Tena desturi ya kuchukua haichagui tajiri. Ikiisha kuzoeleka, humla maskini kwanza, kwa kuwa tajiri ana wakili na maskini hana. Tukumbuke habari za Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 alirekodi Johannesburg wimbo uitwao “Mbube”. Wimbo ule ukazunguka dunia nzima kwa majina mengine, ukawapatia watu wengine fedha nyingi sana; naye akafa mwaka 1962 katika umaskini. Mwaka 2006 ndipo binti zake walipopatana na wenye kushika haki za wimbo huo. Twasikitika tukisikia habari hizi, na ni haki yetu kusikitika. Lakini je, nyimbo za kwaya zetu, ambazo vijana wamechanga fedha kuzirekodi, si huhamishwa bure kutoka simu hata simu, na kuuzwa na watu wasioijua kwaya hiyo? Tunaowalilia wa mbali, na tuwatazame wa karibu.

Wengine husema, “Sheria zenyewe hupendelea wakubwa.” Hili hatuwezi kulikana lote. Kampuni ya Disney iliandikisha Marekani maneno “Hakuna Matata” kuwa alama yake kwa nguo, na alama ile ilikubaliwa mwaka 2003. Mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi zao kuyapinga hayo, wakisema kwamba maneno ya Kiswahili ni mali ya wasemaji wake. Sisi nasi twaona kwamba neno ambalo mama humwambia mtoto wake halipaswi kufungiwa sandukuni. Ni kweli kwamba alama ya namna hii haimzuii mtu kusema. Yahusu bidhaa zilizotajwa tu, na katika nchi ilikoandikishwa tu. Hata hivyo anayeona sheria imepinda na aipinge mchana kweupe, kwa barua, kwa sahihi, na mbele ya mahakama. Asiichukue kuwa ruhusa ya kuchapa jina la jirani kwa siri. Dhuluma ya mwingine haikuosha mikono yako.

Sasa tuseme machache kwa ndugu wanaouza, ili wasianguke kwa kutojua.

Kwanza, piga picha zako mwenyewe za bidhaa zako. Simu yako yatosha, na mnunuzi ataona kile atakachopokea.

Pili, kitu kuonekana wazi katika mtandao si kusema kwamba ni cha bure. Kulitaja jina la mwenye kazi ni adabu njema, lakini si ruhusa. Kubadili rangi au kukata ukingo wa picha hakuifanyi kuwa yako. Omba, na ruhusa uipate kwa maandishi, uitunze. Wako wengi watakaokubali bila malipo wakiombwa vema.

Tatu, sema kweli juu ya jina. Ukiuza mtumba ulio halisi, kwa kawaida waweza kuutaja kwa jina lake, maana ndivyo ulivyo. Ukitengeneza mfuko wa simu, waweza kusema kwamba wafaa simu ya aina fulani. Usiseme wala usionyeshe kwamba umetengenezwa na kampuni ya simu hiyo. Na kitu ambacho watu hukiita feki, hata ukiandika wazi kwamba ni feki, bado chabeba jina la mtu bila ruhusa yake.

Nne, tafuta jina lako. Kabla ya kulichapa, uliza kama halijaandikishwa na mwingine. Tanzania Bara alama huandikishwa kwa BRELA, nayo hulindwa miaka 7, kisha huendelezwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina daftari yake, na kila nchi utakayouza ina desturi yake.

Tano, ukilalamikiwa, usikimbilie kufungua duka jingine kwa jina la ndugu yako. Soma lalamiko. Kama umekosa, ondoa kitu hicho na kuungama. Kama hukukosa, jibu kwa utulivu na kuonyesha ruhusa yako, maana walalamikaji nao hukosea.

Mtauliza yale ya kalenda yalikwishaje. Tuliacha kuiuza siku ile ile. Tukamwandikia yule mpiga picha, tukaungama bila kujitetea, tukamwuliza ada yake. Akataja kiasi, nasi tukakilipa katika fedha zile zile za mabati. Jumapili iliyofuata tukawaeleza washarika mambo yote kabla ya matangazo mengine. Haikuwa rahisi. Wako walionung'unika, maana upande mmoja wa kanisa ulikaa bila mabati mpaka mvua zikapita, na akina mama wa kwaya walihamisha viti vyao kila zilipoanza. Nasi tuliona aibu kila tulipotazama juu.

Lakini yule kijana alikuwako Jumapili ile. Jioni akaja nyumbani, akasema, “Baba Mchungaji, sasa nimekuelewa.” Tukamwambia, “Mwanangu, sisi nasi ndipo tulipoelewa.” Kisha tukamwomba msamaha kwa lile jibu letu la kwanza. Siku hizi huchapa fulana kwa michoro aichorayo mwenyewe. Huuza chache kuliko zamani. Juzi alituletea malalamiko kwamba mtu wa mji mwingine ameuiga mchoro wake mmoja na kuuuza. Hatukumcheka, wala yeye hakuuliza tena zizi limepungukiwa na nini.

Basi, ndugu, kila mmoja atazame leo kile anachokiuza, na jina lililo juu yake. Bwana, aijuaye kazi ya kila mkono, atujalie tumpe kila mtu iliyo haki yake. Amina.