Kupanda Kinga Bila Mzigo

Tunaanza na mzee mmoja wa kijiji chetu. Tulimwonyesha picha tuliyoleta kutoka upande wa kaskazini wa Ufaransa: wanaume wawili na wake zao wamepanda kinga katika njia ya msitu, na jua linapenya kati ya majani. Mzee alisogeza picha karibu na macho, akachungulia nyuma ya kila kinga. Akauliza: « Wanabeba nini? » Tukajibu: « Hawabebi kitu, baba, ila mkate na nguo za kubadili. » « Wanakwenda kwa nani? » « Hawaendi kwa mtu. Wanatembea tu. Leo watalala kijiji hiki, kesho kingine, na mwisho watarudi kwao. » Akaturudishia picha. « Basi ni matajiri, ao ni wazimu. »

Tulicheka sote. Lakini usiku neno lile lilitukataza usingizi, maana mzee hakusema upuzi. Kwetu kinga ni punda. Yeyote aliyesimama alfajiri kwenye njia ya kuingia Lubumbashi amewaona watu wa makala: magunia yamefungwa juu ya chuma mpaka kinga haionekani tena, na mwenyewe hapandi, anasukuma kwa miguu, fimbo imefungwa kwenye usukani apate kuuongoza. Mtu wa namna hii akiona kinga tupu inapita polepole bila haja, afikiri nini? Kwa hiyo tunauliza leo: je, ni haki mtu kutumia siku zake namna hii? Ni pumziko, ao ni uvivu uliovaa nguo nzuri?

Kwanza tueleze tuliyoyaona. Rafiki zetu wa kule walituazima kinga, wakatuongoza siku nne katika inchi iliyo karibu na mpaka wa Ubelgiji. Hapo pana msitu uitwao Mormal, wenye hektari zaidi ya 9,000, mialoni mingi na miti mingine yenye gome laini la rangi ya majivu. Katikati ya msitu kuna kijiji kimoja, Locquignol, ambacho miti imekizunguka pande zote. Ukitoka msituni unaingia katika malisho yenye ua wa vichaka, ng'ombe wamelala, na harufu ya jibini la Maroilles inakupata kabla hujaona nyumba. (Tusiseme mengi juu ya harufu ile. Jibini lenyewe ni tamu.) Kusini zaidi, katika Thiérache, makanisa ya vijiji yamejengwa kwa matofali mekundu, nayo yana minara minene yenye matundu ya kupigia bunduki, kwa kuwa zamani majeshi yalipita hapo mara kwa mara, na watu walikuwa hawana ngome nyingine ila nyumba ya Mungu.

Mwenye kupita kwa motokari haoni lolote katika hayo. Mwenye kwenda kwa miguu anaona zaidi, lakini jioni hajafika mbali. Kinga iendayo polepole ina mwendo wake wa pekee: unasikia ndege, unanusa udongo baada ya mvua, unamsalimu mwanamke anayechuma maharagwe naye anakujibu, na bado kabla ya giza umepita vijiji kumi. Siku ya kwanza tulikuwa tukihesabu kilometa. Siku ya tatu tulisahau kuhesabu. Tuliwakuta wengine, wamevaa nguo za kubana, wanatupita mbio huku wanatazama saa ndogo kwenye usukani. Hao wameacha kazi nyumbani, wakachukua msimamizi wao pamoja nao. Sisi hatuwahukumu, ila hatukuwaonea kijicho.

Sasa turudi kwa neno la mzee: « matajiri ». Zamani lilikuwa kweli kabisa. Misitu mikubwa ya Ufaransa ilikuwa ya wafalme na wakubwa, mahali pao pa kuwinda, na mtu mdogo akiua mnyama ndani yake aliadhibiwa vikali. Saa za bure zilikuwa za wakubwa vile vile. Mfanyakazi alipataje njia ya kuingia msituni bila shoka na bila mzigo? Hakupewa bure. Katika jimbo la makaa ya mawe, si mbali na mahali tulipopita, tarehe 10 Machi 1906 moto ulipasuka chini ya ardhi katika migodi ya Courrières. Watu 1,099 walikufa, na katika hao walikuwamo watoto. Wafanyakazi walikasirika, wakagoma. Mwaka ule ule, tarehe 13 Julai, sheria ilitoka ya kumpa kila mfanyakazi siku moja ya kupumzika kila juma. Ilipita tena miaka thelathini: kwa sheria ya tarehe 20 Juni 1936 wafanyakazi walipata majuma mawili ya kupumzika kila mwaka na mshahara wao ukiendelea. Ndipo vijana wengi wa viwandani walipofunga hema na sufuria nyuma ya kinga zao, wakaenda kutazama inchi yao wenyewe, na wengine waliona bahari kwa mara ya kwanza.

Tulionyeshwa pia mahali paitwapo Arenberg, karibu na Wallers. Kuna njia nyembamba ya mawe, imenyooka kama kamba, inapasua msitu kwa zaidi ya kilometa mbili. Tangu mwaka wa 1968 mashindano ya Paris-Roubaix yanapita pale. Aliyewashauri wakubwa wa mashindano kuipitia ni Jean Stablinski, bingwa wa dunia wa mwaka wa 1962. Aliijua kwa sababu katika ujana wake alifanya kazi ndani ya mgodi wa pale pale. Mtu mmoja, basi, alipita chini ya msitu na sururu, kisha juu yake na kinga. Mgodi ulifungwa mwaka wa 1989, na leo njia ipo kwa kila apitaye. Tulipoyakanyaga mawe yale mikono ilitetemeka mpaka tukashuka, tukasukuma, na watoto wawili wakatucheka.

Kwa hiyo hatuwezi kumwita mvivu mtu ambaye baba zake walipata siku zake za kupumzika kwa jasho, na wengine kwa damu. Mvivu hukimbia kazi iliyo yake. Mwenye kupumzika ameimaliza kazi, ao ataianza tena, na kati ya hizo mbili anatazama dunia bila kuidai kitu. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyapata akiwa na haja. Mchoma makala akiingia msituni anaona magunia, na mfanya biashara anaona mbao. Hawana kosa, watoto lazima wale. Lakini inafaa siku moja mtu auone mti kama mti.

Tungeweza kuishia hapo na kumwambia mzee kwamba amekosea. Lakini liko jambo jingine, gumu zaidi, nalo linatuhusu sisi watu wa Kongo.

Kinga za kwanza zilikuwa na magurudumu ya mbao na ya chuma, zikavunja migongo ya watu. Mwaka wa 1888, katika mji wa Belfast, John Boyd Dunlop alitengeneza mpira wenye hewa ndani kwa ajili ya kinga ndogo ya mtoto wake. Tangu hapo kupanda kukawa furaha. Mwaka wa 1890 Wafaransa waliopenda kutembea kwa kinga walianzisha chama chao, Touring-Club de France. Katika miaka ile Ulaya na Amerika ziliingiwa na shauku ya kinga, na bei ya mpira ikapanda. Nao mpira mwingi ulitoka wapi? Katika misitu yetu, wakati wa utawala wa Leopold II, tangu 1885 mpaka 1908. Watu walilazimishwa kuukusanya katika mimea ya kutambaa, kwa vipimo visivyotimizika. Wake zao walifungwa mpaka mpira ufike. Vijiji vilichomwa, mikono ikakatwa. Mabibi na mabwana waliopita polepole chini ya mialoni, wakisifu ukimya wa msitu wao, walikuwa wameketi juu ya vilio vya msitu mwingine.

Je, walitenda dhambi? Tunajibu kwa uangalifu. Asiyejua, wala hakuwa na njia ya kujua, hana hatia. Lakini habari hazikufichwa milele. Wamisionari na wafanya biashara wengine waliandika. Mwaka wa 1904 ripoti ya Roger Casement ilitangazwa. Tangu siku ile kulikuwa na watu waliouliza mpira wao umetoka wapi, na watu waliopenda wasiulize. Hao wa pili ndio wanaotutia hofu, kwa kuwa tunafanana nao. Kutojua kwa mtu aliyeziba masikio yake ni kutojua alikokutaka.

Wala si habari za babu zetu tu. Leo katika njia zile zile za Mormal watu wengi, hasa wenye umri, wanapanda kinga zenye umeme. Betri za nyingi kati yake zina kobalti ndani, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, upande wa Kolwezi, pengine kwa mikono mitupu ya watu waliomo katika mashimo yasiyo na nguzo. Mzee mmoja Mfaransa, mtu mwema kabisa, alituazima kinga yake ya umeme tupande kilima. Tulipanda, tulifurahi, na kilimani tu ndipo tulipokumbuka. Hatukumwambia neno. Mpaka leo hatujui kama kunyamaza kule kulikuwa adabu ao woga.

Wengine watasema: basi waache furaha hiyo. Sisi hatusemi hivyo. Mchimbaji wa Kolwezi hapati nafuu kwa sababu mzee wa Ufaransa amekaa nyumbani na kuhuzunika. Tena, mwendo wa polepole wenyewe unamfundisha mtu kuuliza. Karibu na Mormal kuna kijiji cha Ors na mfereji wa maji, ambapo mshairi Mwingereza Wilfred Owen aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, mwenye miaka 25, juma moja kabla ya vita kwisha. Amezikwa katika makaburi ya kijiji pamoja na askari wengine. Wa motokari hawasimami; wa kinga wanasimama, wanasoma majina. Hata msitu wenyewe si wa kale kama unavyoonekana: wakati wa vita ile Wajerumani walikata sehemu kubwa, na miti mingi inayotoa kivuli leo imeota baadaye. Anayejua hayo bado anaweza kukaa kivulini na kula mkate wake.

Tena amri ya siku ya kupumzika, tukiisoma vizuri katika Biblia, haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumishi, na mgeni, na ng'ombe, na punda.

Tulirudi kwa mzee, tukamweleza haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: « Na mtu wa makala, siku yake ya kwenda bure ni ipi? » Tukajibu: « Siku ya Mungu, baba, kama watu wote. » Hakusema kitu, akainua kidevu kuelekea njia. Ilikuwa siku ya Mungu, Misa ya pili ilikuwa imekwisha, na watu watatu walikuwa wakipanda kilima na kusukuma kinga zao, na magunia yao yalikuwa marefu kuliko wao.